Hofu ya Kutoa Kazi ya Sanaa Hadharani

Hofu ya kuonyesha kazi ya sanaa mbele za watu huanzia mwilini: moyo hudunda, mdomo hukauka, viganja hutoka jasho. Juu yake huja dhana kwamba kila jicho linatafuta kosa. Dhana hiyo huzidi ukweli. Mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya kuwaaibisha. Walidhani karibu nusu ya waliokuwamo chumbani wangeitambua picha ya kifuani. Waliotambua walikuwa kama robo tu.

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, hofu hii ina uzito wake. Nyumba zimebanana, na anayekosea jukwaani leo kesho hukutana na watazamaji wale wale kwenye foleni ya maji. Lakini ujirani huo huo ndio dawa. Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, mmojawapo wa mitaa hiyo, walithubutu kurap kwa Kiswahili na Sheng miaka ya 1990, kisha wakawa sehemu ya Ukoo Flani Mau Mau, kundi kubwa la wasanii walioshikana mikono.

Anayeanza humsomea kazi yake mtu mmoja anayemwamini, halafu wenzake wa baze, yaani kijiweni, ndipo apande jukwaani. Hofu haiishi mara moja. Hupungua kwa kurudia. Mwenye daftari lililofichwa chini ya godoro na amsomee rafiki ukurasa mmoja wiki hii.