Sahihi za Wakazi: Kanuni za Maombi ya Wananchi na Uhakiki Wake Katika Mtaa na Kata

Mada kwa semina ya wenyeviti na watendaji wa mitaa, Kata ya Iringo, Manispaa ya Musoma



1. Utangulizi

Machi 1955 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Alikwenda kama mwombaji, kwa niaba ya TANU, chama ambacho kilikuwa hakijatimiza mwaka mmoja. Kabla yake, mwaka 1952, Kirilo Japhet alikwenda hukohuko kuwasemea Wameru waliohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Ombi lile halikuwarudishia Wameru ardhi yao. Hata hivyo walisikilizwa kwa utaratibu unaofahamika, kwa kuwa ibara ya 87 ya Hati ya Umoja wa Mataifa iliruhusu maombi kupokelewa na kuchunguzwa.

Vivyo hivyo, mkazi wa Iringo anayeingia ofisi ya mtaa na karatasi yenye sahihi za majirani anastahili kujua mambo matatu: nani anaruhusiwa kuomba, ombi linapelekwa wapi, na nani analazimika kulijibu. Hoja ya mada hii ni moja: uhakiki wa sahihi uwepo, uwe umeandikwa, na lengo lake liwe kulipa ombi nguvu. Usiwe mlango wa kulizimia.

2. Hali ilivyo

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sisi wa manispaa tunaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Wenzetu wa vijiji vya Butiama na Bunda wako chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka huohuo, ambako mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini.

Kwenye uchaguzi na siasa, hesabu ya majina ni kali. Mgombea udiwani anatakiwa kuwa na wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa kupiga kura katika kata. Chama kinachotafuta usajili wa kudumu huonyesha wanachama wasiopungua 200 kwa kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10 ya Bara na Zanzibar, na Msajili hufanya uhakiki.

Barua ya wakazi wanaolalamikia mtaro ulioziba au kiwanja cha wazi kilichovamiwa haina bahati ya kuwa na hesabu iliyo wazi namna hiyo. Kwa kawaida hatima yake huachwa kwenye busara ya anayeipokea. Akiipenda, majina 20 yanatosha. Asipoipenda, hata 200 "hayajathibitishwa".

3. Karatasi yenyewe

Tuitazame karatasi hiyo kwa karibu. Mara nyingi ni kurasa za daftari zilizopigwa mistari kwa rula: namba, jina, simu, sahihi. Ukurasa wa kwanza una malalamiko. Unaofuata una majina matupu, bila hata neno moja linaloonyesha watu wale walikubali nini. Humo ndimo ujanja unamopita: orodha ya mahudhurio ya mkutano inabanwa kwa pini nyuma ya barua, na waliokuja kusikiliza wanageuka kuwa waombaji.

Kasoro nyingine hazina hila. Baba anamwandikia mke na watoto wakubwa kwa kalamu ileile. Mama anasaini jina la mume aliye ziwani. Mpangaji anaambiwa yeye si mkazi, ingawa ameishi mtaani miaka mingi. Mzee asiyejua kuandika anaachwa nje kwa sababu hakuna aliyebeba wino wa dole gumba. Anayehakiki lazima atofautishe udanganyifu na mazoea ya nyumbani.

4. Funzo kutoka Kenya

Katiba ya Kenya, ibara ya 257, inataka sahihi za wapiga kura wasiopungua milioni moja kwa mapendekezo ya wananchi ya kuibadilisha. Januari 2021 tume ya uchaguzi ilitangaza kuwa mswada wa kubadilisha katiba, uliojulikana kama BBI (Building Bridges Initiative), umeungwa mkono na wapiga kura zaidi ya milioni 1.1. Ilikuwa imechapisha orodha ili watu wajikague, na wapo waliolalamika kukuta majina yao bila ridhaa. Tume haikuwa na sampuli za sahihi za wapiga kura. Ilichoweza kulinganisha ni taarifa za watu kwenye daftari. Mei 2021 Mahakama Kuu ilisema taratibu za uhakiki ambazo tume ilijitungia hazikuwa halali, mojawapo ya sababu ikiwa kukosa ushirikishwaji wa wananchi. Shauri zima lilifika tamati Mahakama ya Juu Machi 2022.

Kwetu mafunzo ni mawili. Kwanza, kanuni za uhakiki zitungwe kabla ombi halijafika mezani, na wananchi wazijue. Pili, mtaa una uwezo ambao tume ya taifa haina: unaweza kumfikia mtu mwenyewe na kumuuliza, "Hili jina ni lako, na unakubali yaliyoandikwa?" Swali hilo lina uzito kuliko kulinganisha mikunjo ya wino.

5. Mapendekezo

(a) Kila ukurasa wa sahihi ubebe juu yake maneno ya ombi na tarehe.

(b) Mwombaji awe mkazi wa mtaa mwenye miaka 18 au zaidi, awe mwenye nyumba au mpangaji. Dole gumba likubalike mbele ya shahidi.

(c) Mtendaji wa mtaa agonge muhuri wa kupokea siku ileile na kumpa mwombaji nakala.

(d) Majina yalinganishwe na rejista ya wakazi. Yenye shaka yaulizwe kwa wahusika. Jina lililokosewa liondolewe peke yake, ombi libaki.

(e) Ombi linalomlalamikia mwenyekiti au mtendaji lisihakikiwe na mlalamikiwa. Lipelekwe kwa mtendaji wa kata.

(f) Orodha ya majina, simu na namba za NIDA ibaki kwenye jalada. Anayelalamikiwa apewe hoja, asipewe majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatudai uangalifu huo.

(g) Jibu litolewe kwa maandishi ndani ya siku 30, na lisomwe katika mkutano wa mtaa. Lisilo ndani ya uwezo wa mtaa lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Mkurugenzi.

6. Hitimisho

Hakuna pendekezo hapa linalohitaji bajeti mpya. Mapendekezo haya yanahitaji daftari, muhuri na nia. Nawaomba wenyeviti mliopo mlipeleke kila pendekezo kwenye mkutano wa wakazi, lijadiliwe na kurekebishwa, kisha yaliyokubaliwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Mkazi akiyasoma pale ukutani, atajua namna ya kuomba, na sisi tutajua namna ya kuwajibika.