Upya wa Gari Si Uzima Wake: Mazungumzo na Wanunuzi wa Magari Madogo ya Familia, Mbeya



Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya gari dogo la familia, na hasa Toyota IST, ambayo mtu akisimama dakika chache Mwanjelwa au Kabwe hawezi kukosa kuiona. Swali ambalo wanunuzi hutuuliza ni hili: je, niongeze fedha nipate IST mpya, au ile ya zamani inatosha?

Swali hilo si dogo. Kwa familia nyingi za mkoa huu, gari ni kitu cha pili kwa gharama baada ya nyumba. Fedha yake imetokana na misimu kadhaa ya kahawa, mpunga au viazi, au na mkopo wa ushirika, au na kiinua mgongo ambacho hakitalipwa mara ya pili. Mnunuzi akikosea, hasara haiishii gereji. Hufika mpaka kwenye ada ya shule.

Tuanze na neno lenyewe, “mpya”. Sokoni neno hili hutumika kwa maana tatu, na mnunuzi asipozitenganisha hupotezwa.

Maana ya kwanza ni toleo. IST ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2002. Toleo la pili, lile linaloitwa jipya, lilitoka mwaka 2007 na likakoma kutengenezwa mwaka 2016. Maana yake ni kwamba hata hiyo “mpya” imekwisha kupita umri wa miaka 8, umri ambao kuanzia hapo gari linaloingizwa nchini hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Anayetaka kuagiza mwenyewe asikadirie kodi kwa kusikia. Aingie katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania wa kukokotoa kodi ya magari yaliyotumika, aweke aina na mwaka wa gari, ndipo apange bajeti.

Maana ya pili ni namba. Mmesikia matangazo: “namba D”, “namba E”. Herufi hiyo hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini, wala lilikwisha kutembea kiasi gani huko lilikotoka. Gari la mwaka 2003 laweza kubeba namba ya juzi. Mwaka wa kutengenezwa usomwe katika kadi ya gari.

Maana ya tatu ni sura: rangi iliyong’arishwa, viti vilivyovikwa ngozi, injini iliyooshwa ikameremeta. Hayo ni mapambo. Injini iliyooshwa asubuhi ya siku ya mauzo huficha mahali inapovuja mafuta.

Sasa tulinganishe matoleo yenyewe. Toleo la pili ni pana na refu zaidi: upana umeongezeka kutoka mita 1.695 hadi 1.725, na urefu kutoka mita 3.855 hadi 3.93. Familia yenye watoto watatu kiti cha nyuma huiona tofauti hiyo. Lakini gari lililokua limeongezeka uzito pia, ilhali injini ya cc 1,500 iliyomo katika magari mengi ya toleo la pili ni ya jamii ileile iliyokuwamo katika toleo la kwanza.

Hapa ndipo milima yetu inapoingia katika hesabu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake katika mwinuko huu. Injini ya cc 1,500 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 109, huku kwetu hubakiwa na kama 93. Ile ya cc 1,300, yenye nguvu 87, hubakiwa na kama 74. Injini ndogo haina ubaya kwa anayetoka Soweto kwenda kazini na kurudi. Anayepanda Mlima Nyoka au kwenda Tukuyu akiwa na watu watano na mizigo atalazimika kuikanyaga sana, na ile nafuu ya mafuta aliyoitarajia itapungua.

Tofauti nyingine kubwa imo katika giaboksi. Toleo la kwanza lina giaboksi otomatiki ya hatua nne. Magari mengi ya toleo la pili yanayovuta kwa magurudumu mawili yana giaboksi iitwayo CVT, ambayo badala ya gia za hatua hutumia mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Ikitunzwa huenda kwa ulaini na kubana mafuta. Lakini inahitaji mafuta yake maalumu. Ikijazwa mafuta ya giaboksi otomatiki ya kawaida huharibika, na matengenezo yake ni ghali. Kwa hiyo mwulize muuzaji: mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini, na ya aina gani? Asipokuwa na jibu wala risiti, hesabu hatari hiyo katika bei.

Ili msiuziwe mbuzi kwenye gunia, someni namba ya chasisi. Kwa gari hili, NCP60 ni toleo la kwanza la cc 1,300, na NCP61 ni la cc 1,500. NCP110 ni toleo la pili la cc 1,500, na ZSP110 ni la cc 1,800. NCP65 na NCP115 ni za cc 1,500 zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Namba iliyopigwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba hiyohiyo huwezesha pia kuangalia, katika tovuti ya mtengenezaji, kama gari liliitwa kufanyiwa marekebisho ya usalama. Mamilioni ya magari duniani, ya Toyota, Honda na Mazda yakiwamo, yaliitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo ikipasuka yaweza kurusha vipande vya chuma kwa abiria.

Siku ya ukaguzi, nendeni asubuhi, na mwombeni muuzaji asiliwashe gari kabla yenu. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai ni mkaguzi asiyepokea rushwa: injini chovu hujionyesha inapowashwa ikiwa ya baridi. Moshi wa buluu ni dalili ya kuunguza mafuta ya injini. Kisha lijaribuni mlimani, si barabara ya tambarare pekee. Lipandisheni mkisikiliza kama giaboksi inateleza, na mwangalie kama joto la injini linapanda. Literemsheni kwa gia ya chini, na mpime breki. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi na ule wa Kitonga kule Iringa haumsamehi mwenye breki za kubahatisha.

Someni pia tairi. Ubavuni mwake pana tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka. Kuhusu kilomita, dashibodi pekee si ushahidi. Ombeni hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ambayo huwa na kumbukumbu ya kilomita, na karatasi ya mnada kama ipo. Mlipeni fundi mnayemchagua ninyi, wala msimtegemee yule aliyeletwa na dalali.

Kabla ya kulipa, angalieni katika mfumo wa Jeshi la Polisi kama gari linadaiwa faini. Hakikisheni jina la muuzaji ndilo lililo kwenye kadi. Andikeni mkataba wenye namba ya chasisi, kilomita, bei, na kila ahadi aliyoitoa kwa mdomo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya au kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo humtaka mfanyabiashara wa magari auze kitu chenye ubora unaofaa. Lakini aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua, na anayenunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara ana kinga ndogo zaidi. Ndiyo maana karatasi na fundi huja kabla ya fedha.

Basi jibu letu ni hili. Kama familia yenu ni ndogo na safari zenu ni za mjini, toleo la kwanza lililo zima linatosha, na fedha itakayobaki ipelekwe kwenye tairi, breki na shokomzoba. Kama mnahitaji nafasi na mnasafiri mbali, toleo la pili linafaa, kwa sharti kwamba matunzo ya giaboksi yake yathibitishwe. Ila mkiwekewa mbele yenu toleo la pili lisilo na historia na toleo la kwanza lenye risiti zake zote, chukueni la pili kwa sura tu iwapo mko tayari kulinunua mara mbili: mara moja kwa muuzaji, na mara nyingine kwa fundi.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.