Mali Bila Daftari: Hesabu na Kumbukumbu za Vyama vya Wataalamu wa Mashariki

Mhadhara wa umma



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu wa dukani, lakini jioni ya leo naiazima kwa ajili ya wasomi, watu wanaodhani kwamba elimu haina haja ya mhasibu.

Niliielewa vizuri nilipochaguliwa kuwa mweka hazina wa chama kimoja kidogo cha kitaaluma. Sitakitaja, kwa sababu wajumbe wake wawili wamo humu ukumbini. Makabidhiano yalikuwa ya bati la biskuti. Ndani mlikuwa na risiti za miaka kadhaa zilizobanwa kwa mpira wa kufungia noti. Risiti za mashine ya EFD zilikuwa zimegeuka karatasi nyeupe. Karatasi zile hazichapwi kwa wino. Huchapwa kwa joto, na kadiri muda unavyopita, maandishi hufifia mpaka yakaisha. Tulikuwa na ushahidi kwamba chama kilinunua kitu, basi. Kitu gani, kwa nani, kwa shilingi ngapi, hakuna ajuaye. Chini kabisa ya bati palikuwa na daftari la shule, ambamo mweka hazina wa kwanza aliandika kwa kalamu ya wino: kiingilio, ada, chai, nauli ya mgeni. Hilo lilisomeka lote.

Nikalibeba bati nyumbani, huku mawazo yangu yakiwa Halle, Ujerumani. Nitaeleza kwa nini.

*Orodha inayosema yaliyonyamaziwa na makala*

Vyama vya wataalamu wa Mashariki, yaani wasomi waliochunguza lugha na maandishi ya Asia, vilizuka kwa kufuatana. Cha Calcutta kilianzishwa na William Jones mwaka 1784, cha Paris mwaka 1822, cha London mwaka 1823, cha Marekani mwaka 1842, na cha Wajerumani, Deutsche Morgenländische Gesellschaft, mwaka 1845 katika mji wa Darmstadt. Historia ya vyama hivi husimuliwa kwa kawaida kupitia makala na kamusi. Mimi nataka tuisome kupitia karatasi ambazo msomaji huziruka: majina ya wanachama, mihtasari ya vikao, orodha za vitabu vilivyopokelewa, na jedwali la mapato na matumizi.

Chukueni Calcutta. Chama kile kilikutana katika chumba cha mahakama kwa miaka mingi kabla ya kupata jengo lake la Park Street mwaka 1808. Ukisoma majarida yake ya mwanzo utaona elimu ya mapandita na mamaulana imejaa tele, ukadhani walikuwa wameketi pamoja na waandishi meza moja. Fungua orodha ya wanachama: Wahindi walianza kukubaliwa mwaka 1829. Kwa miaka 45 chama kilichochota elimu ya India hakikuwa na mwanachama Mhindi hata mmoja. Makala hazikuficha jambo hilo; hazikuona haja ya kulitaja. Orodha ililitaja bila kukusudia, na hapo ndipo penye thamani ya karatasi za utawala. Mwandishi wa makala anajua kwamba atasomwa. Karani anayejaza orodha anataka tu ikamilike.

*Jinsi ya kusoma hesabu*

Chama cha Wajerumani kilikuwa na desturi nzuri. Kilianza kutoa jarida lake mwaka 1847, na pamoja na makala za Kiarabu, Kisanskriti na Kiajemi kilichapisha habari za chama chenyewe: nani kajiunga, nani kafariki, vitabu gani vimeingia maktaba yake iliyokuwa Halle, na muhtasari wa hesabu za mwaka. Mwanachama aliyekaa mbali na Halle aliweza kuona ada yake imekwenda wapi.

Jedwali la namna hii lina lugha yake. Upande wa mapato, angalia kwanza malimbikizo ya ada. Wasomi ni wadaiwa wa kudumu, nami nasema hivyo nikiwa na bati langu mkononi. Kisha tazama ruzuku za serikali, kwa kuwa chama kilipokea pia msaada wa watawala wa Kijerumani, nao mfadhili hata akinyamaza huwa yumo kikaoni. Upande wa matumizi, uchapaji na posta vinakueleza jarida lilifika wapi. Na usisahau orodha ya vyama vilivyobadilishana machapisho: kitabu kutoka Calcutta kiliingia Halle bila senti kutoka, kwa kuwa kitabu cha Halle kilikuwa kimekwenda Calcutta. Uchumi huo hauonekani kwenye safu ya fedha, ilhali maktaba nyingi zilijengwa kwa kubadilishana huko.

*Utenzi uliofika Halle*

Sasa nifike kwetu. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Alipoondoka pwani alikuwa na miswada ya tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu, akaitoa kwa chama hiki, ikawekwa katika maktaba ya Halle. Kiswahili, lugha ya Afrika, kikaingia katika nyumba ya Mashariki kwa mlango wa khati.

Miongoni mwa miswada hiyo ulikuwamo utenzi wa Chuo cha Herkal, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la Utendi wa Tambuka, kazi ya Mwengo bin Athumani wa Pate, inayohusishwa na mwaka 1728. Msomi Mjerumani Carl Büttner alipozichapisha tenzi hizo Berlin kuanzia mwaka 1887, kichwa cha chapisho kilieleza kwamba ni mashairi ya Kiswahili cha kale kutoka katika makaratasi ya Dk. L. Krapf.

Makaratasi ya Krapf! Hakuna uongo hapo. Kwa mujibu wa daftari la maktaba, ni kweli tupu: aliyetoa ni Krapf, aliyepokea ni chama. Daftari la mapokezi huanza kuhesabu pale mali inapovuka kizingiti. Nani alitunga, nani alinakili kwa mkono wake usiku na mchana, nani aliutunza mswada ndani ya kasha usiliwe na mchwa, hayo yalikuwa nje ya safu zake.

Lakini msidhani watu wa pwani hawakuwa na daftari. Walikuwa nalo, na lilikuwa ndani ya utenzi wenyewe. Ni ada ya mtungaji wa tenzi anapofika mwisho kutaja jina lake na ukoo wake, mara nyingi mwaka wa Hijria, na pengine idadi ya beti, ili mnakili asipunguze wala kuongeza. Beti hizo za tamati wasomaji wengi huziruka, kama wanavyoruka jedwali la hesabu katika jarida. Kumbe ni stakabadhi: nani, lini, kiasi gani.

Hoja yangu ya leo ni hiyo. Mswada mmoja una madaftari mawili. La chama linaeleza mali ilipofika; la mtungaji linaeleza ilikotoka. Anayesoma la kwanza peke yake atamwona mtoaji, amkose mwenyewe. Anayesoma la pili peke yake hatajua mswada uko wapi wala ulifikaje. Dhuluma nyingi za kitaaluma tunazozilalamikia zimo katika pengo la madaftari hayo mawili, na dawa yake inaanza kwa kuyaweka mezani pamoja.

*Makasha yetu*

Nasi tumekuwa na chama cha namna hiyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Makao yake yalianza Dar es Salaam, yakahamia Nairobi, yakaenda Makerere, yakapita Mombasa, yakarudi Dar es Salaam, ambako kazi yake ilirithiwa na taasisi tunayoijua leo kama Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Kila aliyewahi kuhama nyumba anajua karatasi gani hutupwa kwanza: vitabu hubebwa, hesabu za zamani huwashiwa jiko. Orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoko Dar es Salaam, aliyoiandaa J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970, inatuonyesha faida ya mtu mmoja kukaa chini na kuandika kila kilichopo.

Chama changu cha bati la biskuti kimeamua mambo mawili. Risiti ya EFD inatolewa nakala siku hiyohiyo, kabla haijafifia. Na daftari la kupokea miswada lina safu nne mpya baada ya jina la mtoaji: mtungaji, mnakili, aliyeutunza mswada, na malipo yaliyotolewa. Juma lililopita tulipokea mswada wa kwanza. Katika safu ya mwisho tumeandika sifuri, kwa wino, ili anayekuja baada yetu aione.