Vidonge Havitoshi: Kifua Kikuu Miongoni mwa Wainuit

Msikilizaji, Wainuit ni wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada. Muuguzi anapobisha hodi kwao na vidonge vya kifua kikuu, hukuta wazee ambao bado wanaikumbuka meli.

Meli hiyo, C.D. Howe, ilianza safari zake mwaka 1950 ikiwa na mashine ya eksirei. Aliyebainika kuwa mgonjwa alibakishwa humo, mara nyingi bila ya kuruhusiwa kushuka kuwaaga jamaa zake, akapelekwa hospitali za kusini. Kufikia mwaka 1956, takriban Muinuit mmoja kati ya saba alikuwa akitibiwa huko. Baadhi walifariki na kuzikwa ugenini, jamaa zao wasijue kaburi liliko. Serikali iliomba radhi mwaka 2019.

Ndiyo maana muuguzi wa leo hana budi kusikiliza kabla ya kuhoji. Hata hivyo, kuaminiwa pekee hakutoshi. Dawa humponya mgonjwa baada ya miezi kadhaa, lakini vijidudu vya maradhi haya huenea kwa hewa, na sensa ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuit wa maeneo hayo waliishi katika nyumba zenye msongamano. Anayepona hurudi kulala katika chumba kile kile.

Mwaka 2018, serikali na viongozi wa Wainuit waliahidi kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Kazi hiyo inamhitaji muuguzi. Inamhitaji pia mjenzi wa nyumba.