Gede, Kisima na Mji wa Kesho

Msanii au msanifu majengo akiombwa kuchora mji wa pwani wa miaka 100 ijayo, mkono wake huenda haraka kwenye minara ya vioo. Mada hii inawaita washiriki wa zoezi hilo la uchoraji waanzie kwingine: msituni Gede, kilomita 15 hivi kusini mwa Malindi, ambako mji mzima wa Waswahili umebaki magofu katikati ya mibuyu.

Tangu mwanaakiolojia James Kirkman aanze kuufukua mwaka 1948, mji huo umetoa mengi: jumba la kifalme, msikiti mkuu, vyombo vya kauri kutoka China, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni huenda akapelekwa kwanza kwenye jumba. Mwandishi wa mada hii angependa apelekwe chooni. Nyumba za mawe za Gede zilikuwa na choo na mahali pa kuogea humo humo ndani, na visima havikuwa mbali. Fundi alijua maji yataingilia wapi na kutokea wapi. Leo, katika mitaa mingi ya Malindi na Kilifi, nyumba hutangulia na mtaro hufuata, ukifuata.

Hata hivyo Gede ilihamwa katika karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa, pamoja na mashambulizi, ni maji ya visima kushuka.

Karibu na zama zetu, pwani hii imewahi kushuhudia ndoto nyingine kubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mchoro wa mradi huo haukuanzia kwenye mahitaji ya kijiji cha wavuvi kilichokuwa jirani na jukwaa.

Mfano ulio karibu zaidi na mkono wa fundi ni Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa tani 10 hivi za plastiki na kupambwa kwa kandambili zilizookotwa ufukweni. Mafundi walichonga plastiki kwa ujuzi ule ule wa mbao, na mwaka 2019 jahazi likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ujuzi wa kale, malighafi mpya.

Nyumba nayo yaweza kufuata njia hiyo. Matumbawe hai ya Malindi na Watamu yamo katika hifadhi za bahari tangu 1968, na hakuna anayepaswa kutamani kuyavunja ili achome chokaa ya kujengea kama mafundi wa kale. Kinachofaa kurithiwa ni akili ya nyumba: ukuta mnene unaozuia joto, ua wa ndani unaovuta upepo, kichochoro chembamba chenye kivuli mchana kutwa. Vifaa vya kujengea vitafutwe upya.

Kwa hiyo inapendekezwa kila kikundi cha washiriki kichukue mtaa mmoja wa Malindi, Shela au Maweni, na kikae na waashi wake, wavuvi wake na akina mama wanaochota maji. Karatasi ya kwanza isiwe na jengo lolote. Ichorwe njia ya maji tu: mvua inapoangukia, inapokusanyika, inapotuama masika, na mlango wa nani inaupita kabla ya kufika baharini.