Saa za Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya jambo lililotajwa kwa mstari mmoja tu katika taarifa ya fedha, nalo ni karo ya mwanafunzi mmoja iliyolipwa mara mbili kwa masomo ya mwaka mmoja. Wanachama wengi wameuliza habari zake, wengine kwa hasira, wala si ajabu, kwa kuwa fedha zile zilichangwa na watu waliouza kuku na maziwa. Hatutamtaja kijana yule jina. Tutaeleza lililompata, maana lawama si yake peke yake.

Sisi tuliosoma katika shule za bweni za misheni twaikumbuka kengele. Ililia saa 11 alfajiri tukaamka. Ikalia tukaenda kusali. Ikalia tukaingia darasani, tukala, tukafagia, tukasoma jioni, tukazima taa. Kwa miaka yote ile hatukujiuliza hata siku moja ni kazi gani inayofuata. Tulidhani tuna nidhamu, kumbe nidhamu ilikuwa ya kengele. Kijana huyo huyo afikapo Chuo Kikuu hakuna amwamshaye. Akikosa mhadhara, hakuna mwalimu amfuataye chumbani. Kazi ya kuandika hutolewa leo, nayo hutakiwa baada ya majuma sita, na katika majuma hayo hakuna aulizaye imefika wapi. Machoni pa mtu aliyetoka bwenini majuzi, hiyo ni likizo.

Na tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Juma moja lina saa 168. Tukiondoa usingizi wa saa 8 kila usiku, yaani saa 56, zabaki 112. Tuseme mihadhara na kazi za maabara ni saa 20, zabaki 92. Kula, kuoga, kufua, ibada, kwenda na kurudi, tuvipe saa 4 kila siku, yaani 28. Zabaki saa 64. Mzee mwenye shamba atashangaa kusikia kwamba kuna mtu mwenye saa 64 kila juma zisizo na mwenyewe! Kijana akizitumia nusu tu kwa vitabu, atakuwa amefanya kazi ya mtu mzima, na bado atapata nafasi ya mpira na ya marafiki. Lakini saa hizo hazikai mahali pamoja kama magunia ghalani. Zimetapakaa: moja kati ya mihadhara miwili, nusu kabla ya chakula, mbili usiku wakati jirani anapiga muziki. Zikipotea, mtu hamwoni mwizi.

Kwa hiyo twawashauri vijana kila mmoja awe na shajara, hata kama ni daftari la kawaida lililopigwa mistari kwa rula. Katika juma la kwanza la muhula aandike humo tarehe zote: mitihani, majaribio, kazi za kuandika, siku za maabara. Kisha ahesabu kurudi nyuma. Kazi inayotakiwa baada ya majuma sita iwe na siku zake ndogo: siku ya kupata vitabu, siku ya kumaliza kuvisoma, siku ya kuandika mara ya kwanza, siku ya kusahihisha. Mwingereza mmoja, C. Northcote Parkinson, aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze wakati wote iliopewa. Aliandika kwa kuwadhihaki maofisa wa serikali, nasi makarani hatukucheka sana, lakini alisema kweli.

Yuko na Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejijaribu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Mwaka 1885 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya yaliyokaririwa husahauliwa katika saa za kwanza na siku ya kwanza, na baada ya hapo usahaulifu hupunguza mwendo. Basi mwanafunzi asingoje juma la mtihani ndipo afungue maandiko yake. Ayarudie siku ile ile, hata kwa nusu saa. Ile saa moja iliyo kati ya mihadhara miwili, inayoliwa na mazungumzo, yafaa sana kwa kazi hii. Ama kukesha usiku kucha kabla ya mtihani, twajua kila mtu hujisifu kwako, nasi pia tulijisifu. Lakini kichwa chenye usingizi hakiandiki vizuri.

Simu twaitaja kwa ufupi, kwa kuwa imekwisha hubiriwa sana. Saa za kusoma izimwe, au iachwe kwa mwenzako. Kuilaza mezani kifudifudi ni kujidanganya.

Sasa twawageukia wazee, na hapa twaomba mtuvumilie. Kijana yule hakuwa mvivu. Katika muhula mmoja aliitwa nyumbani mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa matanga ya jamaa wa mbali. Ya pili, kuwasomea wazee karatasi za kesi ya shamba. Ya tatu, posa ya binamu yake. Mara ya nne tulimwita sisi, Halmashauri hii, aje aandike majina ya wachangaji katika harambee, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Kila safari ilikula siku tatu, moja ya kuja, moja ya kukaa na moja ya kurudi, na siku ya nne akasinzia mhadharani. Safari yetu sisi iliangukia juma la majaribio. Hakutuambia neno. Hakuwa na maneno ya kumwambia mzee kwamba hana nafasi pasipo kuonekana mwenye kiburi, wala hatukumfundisha. Ndipo akarudia mwaka.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, na ilipokua kuwa chuo kikubwa, vijana wa Kenya walikwenda Kampala kwa gari la moshi, wakarudi wakati wa likizo. Barua ya kumwita mtu huenda ilifika maziko yamekwisha. Umbali ule uliwahuzunisha, lakini uliwalinda pia. Leo simu hulia chumbani mwake dakika ile ile, na nauli hutumwa kwa simu kabla hajajibu. Umbali haupo tena. Hatuna budi kuuweka sisi wenyewe kwa hiari.

Mzee mmoja alituuliza katika kikao: ni elimu gani hii imkatazayo mtoto kuzika? Ni swali la haki, nalo lilitunyamazisha kwa muda. Hatusemi asimzike mzazi wake, au ndugu yake, au bibi aliyemlea. Huyo aitwe hata katikati ya mtihani, na Chama kitamwandikia mkuu wa idara barua. Twasema juu ya kesi, posa, mikutano na matanga ya mbali, ambako wako watu wengine wa kutumwa.

Halmashauri imekata shauri hivi. Kila mwanafunzi asaidiwaye na Chama ataleta nakala ya tarehe zake kabla ya juma la tatu la muhula, nasi tutaibandika mlangoni mwa ofisi. Atakaye kumwita mwanafunzi aitazame kwanza. Ikiwa ni juma la mtihani au jaribio, ombi lipitie kwa Bwana Mwenyekiti, ili kijana asilazimike kumkatalia mzee. Atakataa Mwenyekiti, ambaye amekwisha zoea kuchukiwa.

Karatasi za kujaza tarehe ziko juu ya meza, karibu na mlango. Na kwa harambee ya mwezi wa Desemba, kazi ya kuandika majina imekubaliwa na mwalimu mmoja mstaafu, ambaye mwandiko wake si mzuri sana, lakini wasomeka.