Kati ya ngapi na ngapi?

(Mazungumzo ya mwalimu wa hesabu na wanachama wa klabu ya afya ya shule moja ya sekondari. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.)

Kaeni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, maana leo nina ndoo na nitahitaji mikono.

Najua mnashangaa. Klabu ya afya imezoea kuletewa muuguzi au daktari, leo kaja mwalimu wa hesabu na ndoo ya mahindi na maharage. Nimekuja kwa sababu ya msichana mmoja wa kidato cha tatu, shule yake siitaji. Kwao ni Njombe. Desemba 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa VVU wa mwaka 2022-23: Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wana virusi, nchi nzima asilimia 4.4. Utafiti uliotangulia, wa 2016-17, ulikuwa umeipa Njombe asilimia 11.4. Basi bwenini ukawa wimbo: "Kwenu ugonjwa unapanda!" Ikafika mahali mwenzake mmoja akakataa kuchangia naye ndoo ya kufulia. Binti akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli kwetu umepanda?" Nikamwambia ngoja. Jibu lake ndilo nimewaletea leo.

Hebu niulize. Nani kati yenu, au mzazi wake, alipimwa katika utafiti ule? Hakuna hata mmoja. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Hakuna anayeweza kutupima damu sisi sote. Wanachofanya ni kile anachofanya mama jikoni: anakoroga mchuzi, anachota kijiko kimoja, anaonja. Hamalizi sufuria ndipo ajue kama chumvi imekolea. Na angalieni, kijiko ni kilekile, iwe sufuria ya nyumbani au ya harusi. Watu hudhani nchi kubwa inahitaji sampuli kubwa sana. Siyo hivyo. Kinachotakiwa ni mchuzi ukorogwe vizuri.

Lakini kijiko kina bahati yake. Hapo ndipo ndoo inaingia.

Humu mna punje 1,000, nimezihesabu mwenyewe jana usiku, na wanangu wakanicheka. Baadhi ni maharage, yaliyobaki ni mahindi. Idadi ya maharage siwaambii. Njooni watano. Kila mmoja afumbe macho, akoroge, achote punje 30, ahesabu maharage, kisha azirudishe.

Haya, tumepata: 9, 14, 12, 10, 15. Ndoo ni moja, mkorogo ni mmoja, hakuna aliyedanganya. Huyu wa kwanza angeandika gazetini "maharage ni asilimia 30", na huyu wa mwisho "asilimia 50". Wangegombana bure! Ukweli ni kwamba ndani mna maharage 400, yaani asilimia 40. Ni mmoja tu aliyeipata sawasawa, na hakuipata kwa akili, aliipata kwa bahati. (Kaa chini, usijisifu.)

Kwa hiyo mtu aliyechota sampuli asitaje namba moja akanyamaza. Ataje mipaka: kati ya ngapi na ngapi. Wataalamu wa takwimu huiita mipaka ya uhakika, na kuitafuta si kazi ngumu, ni hesabu ya dakika mbili. Andikeni.

Mwenzenu alipata 12 kati ya 30, yaani 0.4. Zidisha 0.4 kwa sehemu iliyobaki, 0.6, unapata 0.24. Gawa kwa 30: 0.008. Tafuta kipeuo chake cha pili: karibu 0.09. Zidisha kwa 2: 0.18. Basi jibu lake ni asilimia 40, ongeza au punguza 18. Kati ya 22 na 58. Naam, ni pana kama uwanja wa mpira! Lakini ndiyo heshima ya punje 30, haziwezi kusema zaidi ya hapo. Fanyeni vivyo hivyo kwa aliyepata 9: kati ya 13 na 47. Aliyepata 15: kati ya 32 na 68. Mmeona? Namba zao ziligombana, lakini mipaka yao yote imeikumbatia 40.

Je, itakuwa hivyo daima? Hapana. Shule nzima mkija kuchota, katika kila wanafunzi 100 kama 95 mipaka yao itaikamata 40, na kama watano wataikosa, japo hawakukosea hesabu. Ndiyo maana ya ile "asilimia 95" mnayoiona kwenye ripoti. Na aliyeikosa hajui kama ameikosa. Hilo huwa linanikera hata mimi, lakini ndivyo lilivyo.

Mkitaka mipaka ibane, chota nyingi. Lakini kuna ubahili hapo: kuipunguza kwa nusu lazima uchote mara nne. Punje 120 zingetupa kati ya 31 na 49. Ndiyo maana utafiti mzuri ni ghali.

Wastani nao ni vivyo hivyo, sitakaa hapo sana. Tuseme mmewauliza wenzenu 25 wanalala saa ngapi kwa usiku, wastani ukatoka saa 6 na nusu. Kama wote wanalala karibu sawa, mipaka ni myembamba. Kama mmoja analala saa 4 na mwingine 9, mipaka inapanuka. Katika wastani unatazama jinsi watu wanavyotofautiana, halafu wingi wa uliowauliza.

Sasa turudi Njombe. Utafiti wa nchi hupima maelfu ya watu, lakini ukiugawa kwa mikoa, kila mkoa unabaki na sehemu ndogo. Kwa mfano wetu tu, tuseme mkoa umepimwa watu 900 kila mara. Fanyeni hesabu ileile. Ile 11.4 inakuwa kati ya 9.3 na 13.5. Ile 12.7 inakuwa kati ya 10.5 na 14.9. Mnaona zinavyolaliana? 12.7 yenyewe imo ndani ya mipaka ya kwanza. Na kwa kweli mipaka halisi ni mipana zaidi ya hiyo, kwa sababu watafiti huchagua kwanza vijiji na mitaa, kisha nyumba humo, na majirani hufanana kuliko punje za ndooni.

Kwa hiyo jibu la yule binti ni hili: kwa namba hizo mbili peke yake, hakuna mtu awezaye kusema Njombe umepanda. Na nisiwadanganye, hawezi pia kusema haukupanda. Kijiko hakioni tofauti ndogo kiasi hicho. Lakini ile 4.4 ya nchi iko mbali kabisa nje ya mipaka. Kwamba Njombe ina mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingi za nchi, hilo si bahati ya kijiko, na huduma zipelekwe kwa wingi. Nilimwambia hivyohivyo, akanyamaza kidogo. Kisha nikamwambia asilimia 12.7 maana yake watu wazima 87 katika 100 hawana virusi, na kwamba namba ya mkoa haimjui yeye. Hali ya mtu mmoja inajulikana kwa kipimo chake. Kuhusu ndoo ya kufulia hakuna hata haja ya hesabu, VVU haviambukizwi kwa ndoo.

Mkono umenyooshwa kule. Sema. "Mwalimu, kwa hiyo tukichukua sampuli kubwa sana hatukosei?"

Ahaa! Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Sikiliza yaliyowapata jirani zetu Kenya. Ripoti ya UNAIDS ya mwaka 2002 ilikadiria kwamba mwishoni mwa 2001 watu wazima asilimia 15 nchini Kenya walikuwa na VVU, kama watu milioni 2.5. Mwaka 2003 utafiti ukaenda nyumba kwa nyumba ukapima damu za watu wa miaka 15 hadi 49. Jibu? Asilimia 6.7. Haikuwa kwamba ugonjwa umekatika nusu ndani ya miaka miwili. Makadirio ya mwanzo yalitegemea hasa damu za wajawazito waliofika kliniki. Mjamzito kwa vyovyote ameshajamiiana bila kinga, na wapo wengi katika jamii ambao hawajafanya hivyo. Kliniki zilizochaguliwa zilikuwa zaidi mijini na karibu na barabara kuu. Wanaume hawakuwemo kabisa, na utafiti wa 2003 ulikuta wanawake asilimia 8.7, wanaume 4.6.

Mchuzi haukukorogwa. Ungepima wajawazito hata laki moja, mipaka ingebana kama uzi, ukawa na uhakika mkubwa wa jibu lisilo la nchi nzima. Ile hesabu ya kipeuo inapima bahati tu, haijui ulichota upande gani wa sufuria. Hata nyumba kwa nyumba kuna wanaokataa kupimwa na wasiokuwepo nyumbani, na watafiti huhangaika nao sana.

Nalisema hili kwa sababu nimeona karatasi yenu ukutani: "Asilimia 40 ya wanafunzi hawanywi chai asubuhi." Mnataka kumpelekea mkuu wa shule aanzishe uji. Nawaunga mkono! Lakini mliuliza wangapi? Thelathini. Mnaijua mipaka yake sasa. Na mliwaulizia wapi? Kwenye foleni ya maandazi saa nne. Jamani, aliyeshiba atafuata nini pale?

Chukueni orodha za majina za vidato vyote. Anzeni na jina lolote kati ya kumi ya kwanza, kisha kila la kumi mpaka mwisho. Aliyechaguliwa atafutwe, hata kama ni mgonjwa bwenini, msimbadilishe na rafiki yenu kwa kuwa yuko karibu. Muulizeni peke yake, pasipo wenzake, maana kusema umelala njaa mbele ya watu ni aibu. Mkimaliza andikeni mipaka yote miwili. Mkuu akiuliza uji wa watu wangapi, mpaka wa juu ndio utakaomsaidia kununua unga.

Ndoo nawaachia. Chotaneni tena mara thelathini kila mmoja, muone ni wangapi watakaoikosa 40. Mkichoka, zioshwe vizuri, mpishi ameniahidi makande ya jioni.